Fundi wa Boti na Maji ya Udhu

Alikuwa akisalimia chuma kwanza, watu baadaye. Ukimkaribisha mahali penye mashine, alipita katikati yenu nyote, akainama, akapitisha kidole gumba juu ya chuma polepole kama mama anayetafuta homa kwenye paji la mtoto, ndipo akainuka na kusema, "Haya, hamjambo?" Wengine walimwona hana adabu. Mimi nilimjua kwa miaka kumi na mitatu, na naweza kusema adabu yake ilikuwa nyingi, ila ilianzia mahali pasipotarajiwa.

Sote tulimwita Fundi. Karakana yake ilikuwa Chang'ombe, nyuma ya viwanda, na mimi naishi Mtoni Kijichi, karibu na hori la bahari, ambako nimesomesha watoto madrasa kwa zaidi ya miaka thelathini na kusimamia kisima cha msikiti. Ukoo wake niliujua kwa uchache, nao sitauandika. Najua tu kwamba alitoka kusini, kwamba alichonga mpingo kabla ya kushika spana, na kwamba alikuwa Mkristo asiyekosa ibada ya Pasaka na asiyeonekana sana kanisani kati ya Pasaka na Pasaka.

Kilichotukutanisha ni boti.

Hori letu lina tabia yake. Maji yakijaa, chombo chochote kinapita. Yakitoka, hubaki mfereji mwembamba wenye matope kushoto na kulia, na propela ikigusa matope hayo safari imekwisha. Ng'ambo ya hori wanaishi watu ambao kwa barabara hospitali iko mbali nao, na kwa maji iko karibu. Mkunga wao, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka shamba la pili, alikuwa amechoka kuwasihi wanawake wenye uchungu wasubiri maji yajae. "Mtoto hajui saa za kupwa na kujaa," alikuwa akisema. Wazee wa ng'ambo walipoamua kununua boti ya kuwavusha wagonjwa, walimwendea Fundi wamwulize wanunue ipi. Akawaambia wanunue boti ya jeti, ile isiyo na propela, na akawatafutia moja iliyotumika, imelala nyuma ya hoteli moja ya ufukweni upande wa Kinondoni, imejaa maji ya mvua na vyura. Neno lilikuwa lake. Boti ikifaa, yeye ndiye aliyeichagua. Isipofaa, ni yeye vilevile.

Nilikuwepo ilipoletwa ufukweni kwetu. Nahodha aliyechaguliwa, mwanamume wa makamo aliyeendesha boti za kawaida maisha yake yote, aliizunguka mara mbili.

"Mzee, propela yake iko wapi?"

"Haina."

"Haina? Imekatwa?"

"Inakunywa maji kwa tumbo, inayatema kwa nyuma, ndiyo inakwenda. Pweza unamjua wewe?"

"Pweza namla."

"Basi hii utaipanda."

Injini ilipowashwa ilipiga kelele kubwa, lakini boti yenyewe ikatambaa. Kila mtu alikuwa na ushauri, na ushauri wa wote ulikuwa mmoja: tafuteni injini kubwa zaidi. Hapo ndipo nilipomsikia kwa mara ya kwanza akisema neno ambalo baadaye nilikuja kulitumia madrasa kwa mambo mengine kabisa. "Nguvu haiongezwi," alisema. "Nguvu inazuiwa isivuje."

Akaanza kuzuia. Tumboni mwa boti ile mna gurudumu la mapanga linalozunguka ndani ya pete ya chuma, na kati ya mapanga na pete inatakiwa nafasi ndogo sana. Mchanga wa miaka ulikuwa umekula pete, basi maji yaliyosukumwa nyuma yalikuwa yakirudi mbele kupitia upenyo huo. Mafundi wengine wana vipimo vya dukani. Yeye alikuwa na kadi za mwaliko wa harusi, ambazo alizihifadhi kwenye mkebe wa biskuti. "Kadi moja ipite, mbili zigome," alisema. Kwenye boti ile zilipita nne, na akanionyesha majina ya maharusi wa kadi zote nne yakipita bila shida. Akaweka pete mpya. Mapanga yaliyopigwa na mawe akayanoa kwa tupa ndogo, siku mbili nzima, macho ameyafumba, kidole gumba kikifuata tupa. Mkono ule haukuwa wa spana. Ulikuwa ule wa mpingo.

Kisha akapunguza uzito. Aling'oa viti vya kifahari, akang'oa sanduku la barafu, akafumua sakafu na kutoa sponji iliyokuwa imekunywa maji tangu enzi za hoteli, nzito hata ikabebwa na wanaume wanne. Mahali pake akapanga madumu matupu yaliyofungwa vizuri, ili boti isizame hata ikitoboka. Alipofika kwenye spika, Nahodha alisikitika.

"Mzee, na muziki pia unatoa?"

"Mjamzito anataka singeli?"

"Si mjamzito. Mie."

"Wewe utaimba."

Alikuwa na kijiti cha mpingo, urefu wa mkono hadi kiwiko, kilichobaki kwenye sanamu ambayo haikumalizika. Ncha moja aliiweka kwenye chuma, nyingine sikioni, akasikiliza. Hewa ikiingia kwenye pampu, aliniambia, hutengeneza mapovu, na mapovu yale yakipasuka hula chuma, na mlio wake ni kama kokoto ndani ya debe. Alitafuta pale hewa inapoingilia, akapaziba, akasikiliza tena. Alikuwa anaweza kufanya hivyo asubuhi nzima. Mimi ni mtu wa subira, nimefundisha alifu na be kwa watoto wa watoto niliowafundisha alifu na be, lakini subira ya mtu yule mbele ya chuma ilinifanya nione haya.

Msidhani alikuwa malaika. "Kesho" yake ilikuwa na mkia mrefu. Ungeweza kuoa na kupata mtoto ukiisubiri. Paa la nyumba yake lilivuja miaka yote, na pikipiki yake haikuona oili mpya ila kwa bahati. Na jambo lililowachekesha watu kuliko yote ni kwamba aliogopa maji. Hakujua kuogelea na hakupata kupanda boti hata moja aliyoitengeneza. Alizijaribu zikiwa zimefungwa kamba kwenye nguzo, yeye amesimama maji magotini, si zaidi. Nahodha alimtania, "Mzee, unapikaga chakula usichokila." Akajibu, "Na wewe unakulaga usichokipika. Tumekamilika."

Kabla ya kuwasha injini alipiga ishara ya msalaba, halafu akanigeukia. "Na wewe, Mwalimu, soma ya kwako. Hii injini ni ya mitumba, haijulikani ilizaliwa dini gani."

Boti ikatembea. Wiki tatu ilivuka na kurudi, maji yakijaa na yakitoka, na mkunga alikuja mwenyewe kumpa Fundi mkono. Kisha Fundi akaja kwangu kisimani.

"Mwalimu, naomba maji."

"Ya kunywa?"

"Ya boti. Kila ikirudi kutoka kwenye chumvi inatakiwa inyweshwe maji matamu dakika kumi, mpaka chumvi yote itoke tumboni. Pipa moja na nusu hivi."

Halikuwa ombi la mtu mvivu. Visima vya mtaani kwetu vina chumvi, na bomba hutoa maji siku linazopenda. Kisima cha msikiti ndicho pekee chenye maji matamu wakati wote. Kilichimbwa na mfanyabiashara mmoja wa zamani, mtu wa asili ya Kiarabu aliyekuwa na duka hapa kabla ya barabara ya lami, na alikiweka wakfu kwa maneno yaliyoandikwa na kushuhudiwa: ni kwa udhu wa wenye kuswali na kiu ya wapitaji. Basi. Nasi tumefundishwa kwamba sharti la mwenye kuweka wakfu huheshimiwa kama sheria. Nikamweleza yote haya.

"Wakfu ndiyo nini hasa, Mwalimu?"

"Ni mali aliyopewa Mungu. Sisi ni walinzi tu."

Alichungulia kisima kwa muda. "Basi usinipe," akasema. "Mlinzi akianza kugawa, si mlinzi tena."

Nilirudi nyumbani nimeridhika na nafsi yangu, hali ambayo siku hizi naiogopa.

Sikujua alichofanya baada ya hapo. Nilikuja kuambiwa na Nahodha. Alikuwa akibeba madumu manne ya maji kutoka nyumbani kwake Chang'ombe, juu ya ile pikipiki isiyo na oili, siku tatu kwa wiki, mtu aliyekwisha pita miaka sitini. Madumu manne hayafiki hata nusu ya pipa, na siku ambazo hakuja boti ililala na chumvi yake. Msimu wa joto ukaingia, chumvi ikakauka, ikagandamana.

Siku yenyewe ilikuwa adhuhuri, maji yametoka. Mkunga alimpakia mama mmoja mwenye uchungu, na Nahodha akaondoka. Nyuma ya boti ile kuna mdomo unaotema maji, nao hugeuka kushoto na kulia, ndio usukani wake. Chumvi ilikuwa imeugandisha. Walipofika kwenye kona ya mfereji Nahodha akakata kona, mdomo ukagoma, boti ikaenda mbele moja kwa moja ikapanda matopeni, ikavuta tope tumboni, ikazima. Wanaume wakashuka, matope mapajani, wakasukuma. Mtoto alizaliwa pale pale, mkunga amepiga magoti kati ya madumu matupu, na alilia kabla ya kufika nchi kavu. Mama alipona, mtoto alipona. Namshukuru Mwenyezi Mungu kila ninapokumbuka, na hukumbuka mara nyingi.

Wazee wa ng'ambo waliitisha kikao darasani, kwenye shule yao. Nilialikwa kama jirani. Fundi alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yakigusa kifua. Mzee mmoja mrefu alisimama.

"Fundi, ulituambia chuma hiki ni pweza. Kumbe ni kaa, kinakwenda upande kinakotaka chenyewe."

Watu wakacheka, ila si kwa furaha.

"Nilisema lazima ioshwe," Fundi alisema.

"Na kwa nini haikuoshwa?"

Nilikaa madawati mawili kutoka kwake. Nilingoja anitaje. Ilikuwa haki yake, na ilikuwa kweli.

"Maji yalinipungukia," akasema.

"Yalikupungukia na hori lote hili mlangoni?"

Wakacheka tena. Hakugeuza uso kwangu hata kidogo. Na mimi, ambaye ulimi wangu umefundisha watoto mia kadhaa kusema kweli hata ikiwa chungu, nilikaa kimya. Naandika hili ili lisomwe.

Uamuzi ukapitishwa. Boti ingepewa safari moja zaidi, baada ya wiki mbili, siku ambayo maji hutoka kabisa. Ikigoma, itakatwa vipande na injini ikafungwe kwenye mashine ya kusaga. Fundi alitikisa kichwa kukubali. Alipotoka aliteleza kidogo mlangoni, na nilimwona kwa mara ya kwanza kuwa ni mzee.

Siku iliyofuata, kabla ya alasiri, nilikuwa natia udhu. Maji yalishuka kwenye viwiko vyangu, yakaingia kwenye mfereji wa saruji, yakaenda kupotea nyuma ya ukuta kwenye magugu. Nikabaki mkono mmoja hewani. Kwa miaka thelathini na zaidi nimewafundisha watoto somo la maji yaliyokwisha tumika kwa udhu: ni safi, ila hayasafishi tena, huwezi kuyatilia udhu mwingine, lakini si najisi, unaweza kuoshea chombo chako. Wanalikariri kwa sauti. Wala sikupata kujiuliza maji hayo, baada ya kutajwa kwenye somo, yanakwenda wapi. Mwenye kuweka wakfu alitaka watu watie udhu. Wamekwisha tia. Sharti limetimia pale kwenye mfereji, na baada ya mfereji ni magugu.

Jioni ile kamati ya msikiti ilikaa. Wengi waliafiki, ila mmoja wetu, mtu mcha Mungu sana, alisumbuka. "Mwalimu, si tunafundishwa kwamba madhambi ya mtu hushuka na maji ya udhu? Maji hayo uyapeleke kwenye boti ya wajawazito?" Nikasema nitalifikiria, na kesho yake nikapanda hadi Chang'ombe.

Nilimkuta Fundi amelala chali chini ya gari la mtu. Niliieleza miguu yake, maana ndiyo iliyokuwa nje. Nikaeleza mfereji, nikaeleza somo, nikaeleza hata wasiwasi wa mjumbe wetu.

"Boti inaogopa chumvi, Mwalimu," sauti ikasema kutoka chini. "Madhambi haiyaogopi."

Kisha akatoka, akafuta mikono, na mimi nikasema nililokwenda kusema.

"Kwa nini hukuwaambia kikaoni kwamba mimi ndiye niliyekunyima?"

"Ningewaambia nini? Umeshika amana ya marehemu. Mie nikishika kitu cha mtu sipendagi kuulizwa mbona."

"Lakini walikucheka."

"Nimechekwa na mashine, sembuse wazee wa ng'ambo." Akaniangalia, na kwa mara ya kwanza aliweka kile kidole gumba juu ya bega langu, kama vile ananipima. "Wewe ulikuwa umefungwa tu, Mwalimu. Hukuwa umeharibika."

Tulijenga tangi dogo mwisho wa mfereji. Fundi aliweka kitambaa cha kanga kuukuu ya mkewe cha kuchujia mchanga, akaunganisha mpira hadi ufukweni. Akaifungua boti yote, akakwangua chumvi, akapaka grisi, akabadilisha kile kipande cha zinki kinachofungwa chini ili bahari ikile chenyewe na kukiacha chuma kingine. "Huyu ndiye anayeliwa kwa niaba ya wenzake," alisema, na akakipapasa kabla ya kukifunga.

Siku ya majaribio maji yalitoka hata kaa wakabaki wanashangaa. Wazee wa ng'ambo walipanda wenyewe, kumi na wawili, kwa makusudi, ili uzito uwe kamili. Fundi alibaki nchi kavu, maji magotini, kijiti mkononi. Boti ilivuka, ikakata kona ile, ikarudi, ikakata tena. Yule mzee mrefu aliposhuka alimpita Fundi bila kusimama, akasema, "Haya, pweza," na hilo lilikuwa ombi la msamaha kadiri alivyoweza.

Basi ndipo lilipoanza jambo ambalo mtaa mzima unalisimulia hadi leo. Fundi alihamia kwetu nusu ya wiki, na akawa Mkristo pekee niliyepata kumwona akiumia safu za msikiti zikiwa fupi. Alihesabu tangi lilivyojaa.

"Mwalimu, watu wako hawaswali!"

"Nani kakuambia?"

"Tangi limeniambia. Adhuhuri yote hii, robo!"

Akapita vibarazani kwa wacheza bao. "Nyie, hamkusikia adhana? Nendeni mkaswali, boti ina chumvi!" Wapo waliokwenda kwa kicheko. Wawili katika hao wanaswali hadi leo, na mmoja ndiye anayefungua mlango alfajiri. Siku moja nilimkuta anagombana na kijana aliyetia udhu kwa maji kidogo mno. Nikamwambia Fundi kwamba hata sisi tumekatazwa israfu, na kutumia maji kidogo ni sunna. Alifikiri. "Sawa," akasema kwa uchungu. "Basi waje wengi." Mwezi wa Ramadhani tangi lilifurika, naye akaosha hata boti za watu wasiohusika.

Mara ya mwisho tulionana mwaka huu, kabla hajarudi kusini kukaa kwa binti yake. Alishuka kwenye bajaji akishikilia chuma cha paa. Masikio yalikuwa yamekwisha. Mashine alizozisikiliza zilikuwa zimeyamaliza. Nilimwamkia kwa sauti, akatabasamu kwa adabu ya mtu asiyesikia. Hakutaka kahawa. Alitaka kwenda ufukweni.

Boti ilikuwa imetoka kurudi, mkunga ameshuka, injini bado inanguruma ikiwa imefungwa kwenye nguzo. Fundi akaingia majini hadi magotini, nami nikapandisha kanzu nikamfuata. Alipitisha kidole gumba kwenye chuma. Kisha akatoa kijiti cha mpingo, akaweka ncha kwenye pampu, na ile ncha nyingine hakuiweka sikioni mwake. Alinielekezea mimi.

Niliinama, nikaweka sikio. Aliukazia macho uso wangu.

"Kokoto?" akauliza kwa sauti kubwa ya viziwi.

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Unasikia nini?"

Sikujua nimwelezeje. Nikaweka mkono mbele ya mdomo kama nimeshika kikombe, nikapuliza, kama mtu anayepoza chai. Aliangalia midomo yangu, akacheka hadi Nahodha akageuka.

Adhana ya alasiri ikaanza juu yetu. Hakuisikia. Aliona watu wakitoka vibarazani na mlangoni kwa mwuza mkaa, wakikunja mikono ya mashati kuelekea kwenye mabomba. Akanigusa, akawaonyesha kwa kidevu.

"Wengi?"

Nikatazama, nikahesabu, nikainua vidole vitatu: safu tatu.

"Inatosha," akasema, akageuka kwenda kuuchukua mpira wa maji, nami nikaenda kutia udhu.